Kuchonga na kuimarisha 1HZ kabla ya kuifunga turbo

Mbeya mjini iko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na mgandamizo wa hewa ya huku ni pungufu kwa karibu moja ya tano ukilinganisha na pwani. Ndiyo maana Land Cruiser yenye 1HZ, injini ya dizeli ya Toyota isiyo na turbo, hupanda mlima wa Iwambi ikitema moshi mweusi bila kuvuta: dizeli inaingia, hewa ya kuichoma haitoshi. Turbo, yaani pampu inayoendeshwa na moshi wa ekzosi na kusukuma hewa zaidi ndani ya silinda, inatibu tatizo hilo vizuri sana, ila ukiifunga kwenye injini iliyochoka utaishusha injini hiyo hiyo tena, safari hii ikiwa imenoki.

Wengi hudhani nguvu inatoka kwenye kupanua silinda. Piga hesabu kwanza. 1HZ ina silinda 6 zenye kipenyo cha milimita 94, na pistoni inatembea milimita 100, jumla cc 4,164. Ukichonga hadi milimita 95 unapata cc 4,253. Umeongeza cc 89, yaani asilimia 2, ambazo dereva hatazisikia kwenye usukani. Tunachonga ili silinda iwe duara na iliyonyooka, basi. Kwa hiyo kama saizi ya 0.50, yaani kupanua kipenyo kwa nusu milimita tu, inaondoa mikwaruzo yote, ishia hapo. Chuma unachokipunguza ukutani ndicho kitakachobeba msukumo wa turbo.

Pima kila silinda sehemu tatu, juu, katikati na chini, na kila sehemu pima mara mbili: kwa urefu wa bloku na kwa upana wake. Nunua pistoni kabla ya kuchonga, uzipeleke zote kwa mchongaji. Kila moja ipimwe kwa maikromita na silinda yake ichongwe kuifuata, kwa nafasi iliyoandikwa na mtengenezaji wa pistoni. Mwambie mchongaji afunge bamba nene la chuma juu ya bloku, kwa bolti na torki (nguvu ya kukazia) ya hedi, kifuniko cha juu ya silinda, wakati wa kusugua mara ya mwisho. Hedi ikikazwa huvuta bloku kidogo, na silinda iliyosuguliwa bila bamba huacha kuwa duara siku unayofunga hedi. Ukimaliza, tofauti kati ya vipimo vya silinda moja isizidi milimita 0.01.

Mgandamizo wa 1HZ, yaani kiasi ambacho hewa inabanwa ndani ya silinda, ni 22.4 kwa 1. Ndugu yake 1HD-T, iliyotoka kiwandani na turbo, ina 18.6 kwa 1. Tafuta pistoni za 1HZ zilizotengenezwa kwa ajili ya turbo, zenye mgandamizo wa chini na chuma kigumu kwenye mfereji wa ringi (pete ya pistoni) ya kwanza, kwa kuwa sehemu hiyo ndiyo huungua na kumeguka mapema. Usizilazimishe pistoni za 1HD-T: ile inapuliza dizeli moja kwa moja juu ya pistoni, wakati 1HZ inachomea kwenye kikombe ndani ya hedi. Wala usipunguze mgandamizo kwa kupanga gasketi mbili za hedi. Zitavuja, gari ianze kuchemsha.

Mwanya wa ringi, yaani nafasi kati ya ncha zake mbili, ndio unaosahaulika kuliko vyote. Ingiza ringi peke yake ndani ya silinda, isukume kwa kichwa cha pistoni ili ikae sawa, kisha pima kwa fila geji (vibamba vyembamba vya kupimia mwanya). Kwa silinda ya milimita 95 yenye turbo ya wastani, ringi ya juu iachie kama milimita 0.45 hadi 0.50, na ya pili isiwe na mwanya mdogo kuliko wa kwanza. Karatasi ya ringi ikitoa kipimo cha turbo, fuata karatasi. Mwanya ukiwa finyu, ringi ikipata moto ncha zake hugongana, inakwama na kung'oa kipande cha pistoni.

Krenki, mhimili unaozungushwa na pistoni, ikiwa bado kwenye saizi yake, ing'arishe tu. Ikilazimu kuchongwa, isizidi milimita 0.25, na chungulia kwa karibu kona ambapo jonali, sehemu inayozunguka ndani ya beringi, inakutana na ukuta wake. Lazima ibaki na mviringo laini. Kona kali kama ya sanduku ndipo ufa unapoanzia. Beringi ziwe mpya na nafasi ya oili ipimwe. Hata 1HD-T za mwanzo zilijulikana kwa kula beringi za konrodi, fimbo zinazounga pistoni na krenki. Konrodi zikaguliwe kwa rangi ya kuonyesha nyufa, bolti zake ziwe mpya.

Hedi ipimwe kwa presha ya hewa ndani ya maji ya moto. Angalia kati ya valvu na kuzunguka vikombe. Ufa ukiwepo, usiuzibe kwa kuchomelea, tafuta hedi nyingine. Gasketi ichaguliwe kwa kupima pistoni zinavyochomoza juu ya bloku, maana zipo za unene tofauti.

Baada ya kufunga, tembea kilomita 1,000 bila turbo, ukibadilisha oili kwenye 500. Barabara ya Igurusi hadi Chimala inafaa: tambarare, unaweza kubadilisha mwendo mara kwa mara. Epuka kuiacha injini inguruma muda mrefu imesimama, kwani ringi hazikai vizuri kwenye silinda.

Turbo ikishafungwa anza na presha ya bar 0.5, na funga geji ya joto la ekzosi kabla ya turbo. Kwenye mlima mrefu kama Kitonga joto lisikae juu ya nyuzi 650; likigusa 700, punguza mafuta mara moja. Huku juu kinachoua ni joto. Ukishuka Kyela hewa ni nzito, na bar 0.5 ile ile inabana silinda zaidi, hivyo hedi na gasketi ndizo zinazoumia. Ukitaka kuongeza presha, ijaribu kwanza Kyela, uangalie kama rejeta inatoa mapovu, dalili kwamba gasketi inavuja.