Kabla ya Kumwondoa Kamanda Asiyependwa Vita Vikikaribia: Mambo ya Kuzingatia

Mwishoni mwa 1943, katika kijiji cha Aldbourne kusini mwa Uingereza, masajini wa Kombania E ya Rejimenti ya 506 ya askari wa miavuli wa Marekani waliandika barua za kuacha vyeo vyao. Hawakutaka kwenda vitani chini ya kamanda wao, Kapteni Herbert Sobel. Walijua hatari ya jambo hilo, kwa kuwa sheria za jeshi lao ziliruhusu adhabu ya kifo kwa uasi wakati wa vita. Barua zikafika mezani kwa Kanali Robert Sink, kamanda wa rejimenti, huku zikiwa zimebaki takriban miezi sita tu kabla ya majeshi kuvuka bahari kwenda kushambulia Normandy, Ufaransa.

Jiweke kwenye kiti cha Sink. Jambo la kwanza ni kujua askari wanamchukia kamanda wao kwa lipi, kwa sababu chuki haziko sawa. Sobel alikuwa ameilea kombania hiyo tangu 1942 katika kambi ya Toccoa, jimbo la Georgia. Aliwakimbiza vijana mlima Currahee, maili tatu kupanda na tatu kushuka, na alifuta pasi za ruhusa ya mwisho wa wiki kwa doa la kutu kwenye bunduki au kosa dogo la mavazi. Walimchukia kwelikweli. Lakini kama kisa kingekuwa hicho tu, ningesema abaki. Baada ya vita, wengi wa askari wale, akiwemo Richard Winters, ofisa wa chini yake aliyegombana naye waziwazi, walikiri kwamba ugumu wa mafunzo yake ndio ulioifanya kombania kuwa imara. Askari aliyechoshwa mlimani atanung'unika, kisha atamfuata kamanda wake.

Chuki ya pili ndiyo ya kuogopwa. Katika mazoezi ya uwanjani Sobel hakuwa mzuri wa kusoma ramani wala wa kuamua mambo yanapobadilika ghafla, na watu wake waliliona hilo kwa macho yao. Askari akishaamini kwamba kamanda hajui mahali alipo, atasita kila anapopewa amri, na kwenye mapigano kusita kwa sekunde chache kunaua watu. Kwa hiyo waite masajini mmoja mmoja, usiwaite kwa kundi, uwaulize: amekosea nini uwanjani, lini, na nani aliona? Majibu yakihusu pasi, kwata na usafi wa mabweni, mrekebishe kamanda na umwache kazini. Yakihusu ramani, mwelekeo na maamuzi, anza kumtafuta mwingine leo hiihii.

Tena usingoje barua. Sink alikuwa na dalili mapema. Tarehe 30 Oktoba 1943 Sobel alimwadhibu Winters kwa kuchelewa kukagua vyoo, ilhali saa ya ukaguzi ilikuwa imebadilishwa, na Winters akachagua kupelekwa mahakama ya kijeshi kuliko kuikubali adhabu ile. Ofisa mtulivu akifika mahali pa kusema nishitakini, tatizo limeshatoka kwenye vyoo. Hapo mkuu wa rejimenti hana budi kuvaa buti na kwenda mwenyewe kwenye zoezi la kombania, asimame kando bila kutoa amri, atazame. Saa mbili za kutazama zingemwonyesha mengi kuliko rundo la barua.

Halafu kuna nidhamu. Sink aliwakaripia masajini wale vikali, akawavua vyeo baadhi yao na kumhamisha mmoja, kisha akamwondoa Sobel vilevile. Adhabu ile inaniuma kila ninapoifikiria, kwa sababu watu wale walikuwa wakiokoa maisha ya wenzao. Hata hivyo naielewa. Jeshi likizoea kwamba barua za pamoja zinamng'oa kamanda, kombania ya jirani nayo itaandika za kwake wiki ijayo, pengine kwa sababu za kijinga. Dawa ni kuwa na njia ya malalamiko iliyo wazi kabla mambo hayajaharibika: sajini ajue anaweza kumwendea nani, na huyo anayeendewa ajue ana siku ngapi za kujibu.

Kalenda nayo ina uzito wake. Machi 1943 huko Tunisia, baada ya Wamarekani kupigwa vibaya katika njia ya mlimani ya Kasserine, Eisenhower, mkuu wa majeshi ya Washirika huko, alimwondoa Jenerali Lloyd Fredendall. Huyu alikuwa amejichimbia makao makuu ndani ya bonde karibu na Tébessa, mbali mno na mstari wa mbele, na makamanda wa divisheni walio chini yake hawakuwa na imani naye tena. Jenerali George Patton alishika kazi tarehe 6 Machi, na mashambulizi ya kikosi chake yakaanza tarehe 17. Siku kumi na moja! Patton alizitumia kuwasukuma watu: kofia za chuma na tai kila saa, faini kwa anayekiuka. Wengi waliona ni uonevu, lakini kila askari alijua kwamba mkuu mpya amefika, na tarehe 23 Machi huko El Guettar wakaizuia divisheni ya vifaru ya Wajerumani. Muda mfupi kama huo uliwezekana kwa sababu Patton alikuwa na sifa iliyomtangulia, na Jenerali Omar Bradley alikuwa karibu kumsaidia. Luteni asiyejulikana hana mtaji huo. Yeye anahitaji wiki kadhaa za kukosea mazoezini mbele ya watu wake, mahali ambapo kosa halimzikishi mtu. Kama zimebaki siku mbili tatu tu, mara nyingi ni heri kumwacha aliyepo na kumwekea msaidizi hodari ubavuni.

Anayeondoka umpeleke wapi? Usimwache akizurura kambini, wala usimdhalilishe kwenye gwaride. Sobel alipelekwa Chilton Foliat kuongoza shule ya kuruka kwa miavuli, kazi iliyolingana na kipaji chake, maana kufundisha alijua. Fredendall alirudishwa nyumbani kusimamia mafunzo, akapandishwa na cheo. Hilo la cheo mimi nisingelifanya, kwa kuwa waliofiwa Kasserine wana masikio. Kabla hajaondoka, makabidhiano yafanyike ana kwa ana na kwa maandishi: ramani, orodha ya askari na wagonjwa, hali ya silaha na risasi, alama za redio, na ahadi zilizotolewa. Ahadi ndizo husahaulika. Kama koplo fulani aliahidiwa ruhusa ya kwenda kumwona mama yake, kamanda mpya ajue, la sivyo siku yake ya kwanza ataonekana mwongo kwa neno ambalo hakulisema yeye.

Sasa mrithi, na hapa naomba usikimbie. Watu hutafuta jina moja, wakilipata hushusha pumzi. Agosti 1942 Uingereza ilipobadilisha uongozi wa Jeshi la Nane kule Misri, aliyeteuliwa alikuwa Jenerali William Gott. Tarehe 7 ndege yake ikaangushwa akielekea Kairo, akafa kabla ya kushika kazi. Bernard Montgomery aliitwa kutoka Uingereza kuziba pengo. Kwa hiyo andika majina matatu, na wote watatu wahudhurie maelezo ya operesheni, waione ramani ileile, wamjue kila kiongozi wa platuni kwa jina. Wa tatu akikuambia haoni sababu ya kuhudhuria, mlazimishe.

Kombania E ilipewa Luteni Thomas Meehan kutoka Kombania B, mtu aliyeheshimiwa upesi. Usiku wa kuamkia tarehe 6 Juni 1944 ndege iliyombeba pamoja na kundi la makao makuu ya kombania ilipigwa na kuanguka karibu na Beuzeville-au-Plain. Wote waliokuwemo wakafa. Winters, kiongozi wa platuni ya kwanza, alitua gizani bila silaha yake, kwa kuwa begi alilojifunga mguuni lilikatika hewani. Kulipokucha Meehan hakuonekana, na hakuna aliyejua aliko. Winters alichukua uongozi, akakusanya watu kama kumi na wawili, akaongoza shambulizi dhidi ya mizinga minne ya Wajerumani pale Brécourt, iliyokuwa ikipiga njia ya kutoka Utah, ufuko walikotua Wamarekani. Waliinyamazisha.