Kukinga nyaya, paipu na stata dhidi ya joto la ekzosi: rudisha bati kwanza, bandeji iwe ya mwisho

Fungua boneti ya Toyota au Subaru iliyokwishatumika miaka 15, na mara nyingi utakuta bati la kufunika manifoldi ya ekzosi (sehemu inayokusanya moshi kutoka kwenye silinda) halipo. Lililegea, likaanza kulia, likang'olewa, kelele ikaisha. Miezi ikipita nyaya zinakuwa ngumu kama vijiti na kupasuka zikikunjwa. Stata inagoma injini ikiwa ya moto, ikipoa inakubali. Kwenye Subaru, mpira wa CV joint (kiungo cha ekseli inayozungusha gurudumu) ya ndani upande wa kulia unachanika, grisi inarukia ekzosi na harufu ya kuungua inaingia mpaka ndani. Mwenye gari ananunua kimoja baada ya kingine, na bati halirudi.

Bati lile ni jembamba, unaweza kulikunja kwa mkono. Kinachokinga ni nafasi ya hewa iliyopo kati yake na chuma cha moto, wala si unene wake.

Hatua ya 1: hakikisha ekzosi haivuji

Washa gari asubuhi likiwa baridi kabisa. Sikiliza mlio wa "tik tik tik" unaopungua injini inapopata moto, kisha tafuta masizi meusi pale manifoldi inapokutana na silinda hedi. Ukiyaona, badilisha gasketi kwanza. Na kama manifoldi inawaka nyekundu gari likiwa limesimama bila kukanyagwa mafuta, tatizo lako si kinga: angalia taiming (wakati wa kuwashwa kwa mafuta), misfaya (silinda isiyochoma mafuta vizuri) na katalisti (kisafisha moshi cha ekzosi) iliyoziba.

Hatua ya 2: pima

Tumia kipimajoto cha infraredi. Endesha kilomita 20 hivi, zima, pima papo hapo, kisha pima tena baada ya dakika 10. Kwa nyaya na paipu, kipimo cha pili mara nyingi ndicho kikubwa, kwa sababu upepo umekoma na chuma bado kina moto. Kipimajoto hiki hudanganywa na kitu kinachong'aa. Kwenye alumini kitasoma chini sana. Bandika kipande cha tepu nyeusi kwenye paipu au waya, upime hapo. Ganda la kawaida la waya, la plastiki ya PVC, halikutengenezwa kuishi juu ya nyuzi 105.

Hatua ya 3: fungua bolti za zamani bila kuzikata

Hapa ndipo siku nzima hupotea, kwa hiyo usianze saa kumi jioni.

Kwenye magari ya Japani, bolti yenye kichwa cha spana 10 kwa kawaida ni M6 (kipenyo cha milimita 6), na ya 12 ni M8. Ile M6 ndiyo ya kuogopa. Nyunyiza mafuta ya kulegeza kutu usiku uliotangulia, rudia asubuhi injini ikiwa vuguvugu. Usinyunyize manifoldi ikiwa ya moto; mafuta yatawaka. Tumia boksi spana ya pembe 6. Ile ya pembe 12 hula kichwa kilicholiwa na kutu, na kichwa kikishaviringika umejiongezea kazi.

Kabla ya kulegeza, kaza kidogo sana, robo ya robo ya mzunguko, mpaka usikie kutu inapasuka kwa mlio mkavu. Ndipo ulegeze nusu mzunguko, urudishe, unyunyize tena. Bolti ikianza kulegea kama mpira bila mlio wowote, acha mara moja: hiyo inajinyonga, inakaribia kukatika.

Ikigoma, pasha moto sehemu inayoizunguka, ondoa moto, kisha gusisha mshumaa kwenye hesi (meno ya bolti). Nta huyeyuka na kujipenyeza ndani. Fanya hivyo tu ukiwa umehakikisha hakuna paipu ya mafuta karibu, una kizimamoto mkononi, na hukunyunyiza dawa ya kusafishia breki hapo, maana baadhi ya dawa hizo zikipashwa moto hutoa gesi ya sumu.

Ikikatika na kubaki kisiki, weldia nati juu yake. Moto wa kuwelda wenyewe huilegeza. Ikikatikia ndani kabisa, piga alama katikati, toboa kwa biti ya milimita 5 kwa M6 au 6.8 kwa M8, kisha kata hesi upya. Ukitoboa pembeni hata milimita 1, biti itakimbilia upande laini na tundu litaharibika.

Unaporudisha, paka grisi ya shaba. Grisi ya kawaida huungua na kuacha mabaki magumu.

Hatua ya 4: bati lenyewe

Kelele hutokana na tundu la bolti kuliwa na kutu likawa pana. Weka washa pana ya stenlesi, milimita 25 hadi 30, juu na chini. Waya wa kufungia nondo haudumu hapo.

Kama bati limepotea, chonga la stenlesi la milimita 0.5 hadi 0.8, liache nafasi ya milimita 10 hadi 15 kutoka kwenye manifoldi. Bati la kuezekea nyumba lisikaribie hapo: zinki yake huyeyuka kwenye nyuzi 420 hivi. Fungia bati kwenye injini tu. Ukiliunganisha na bodi, mtikisiko utalipasua.

Hatua ya 5: nyaya na paipu

Sogeza kwanza. Sentimita 5 za umbali zinashinda soksi ya bei ghali. Pasiposogezeka, vaa soksi ya nyuzi za kioo yenye alumini nje, ikae kwa kulegea.

Hatua ya 6: bandeji

Bandeji, yaani utepe wa kuzuia joto unaozungushiwa ekzosi, ifungwe kwenye bomba tu. Usiifunge kwenye manifoldi ya chuma cha kumimina (cast iron), katalisti, fleksi (kipande cha bomba kinachonyumbuka) wala oksijeni sensa. Hushika maji na kuozesha bomba la chuma cha kawaida, ndiyo maana naiweka mwisho. Vaa glavu na barakoa. Anzia chini ukipanda, kila mzunguko ulalie uliotangulia kwa milimita 10 hivi, kama makuti yanavyopangwa kwenye paa, maji yateleze nje. Bana kwa tai za stenlesi.

Ukiwasha mara ya kwanza, moshi mweupe wa dakika 15 ni wa kawaida. Ukisikia harufu ya oili, zima: bandeji iliyolowa oili huwaka. Injini ikishapoa, kaza bolti zote tena.