Namna ya Kufuatilia Safari ya Mzee Aliyepanda Meli ya British India

Kampuni ya British India Steam Navigation ilianzishwa mwaka 1856 kwa jina jingine na Mskoti William Mackinnon pamoja na mwenzake, ikachukua jina hilo mwaka 1862, na kufikia mwaka 1872 meli zake zilikuwa zikileta barua Unguja kutoka Aden. Ukitaka kujua mzee wako alisafiri lini na kwa meli ipi kati yao, usianze na historia hiyo; anza na sanduku lake la bati.

Tafuta kwanza pasipoti, kwa sababu muhuri wa uhamiaji hutaja bandari na tarehe, ilhali kumbukumbu ya mtu hushika jina la meli na kuuacha mwaka upotee. Ukikuta picha ya meli yenye dohani nyeusi iliyozungushiwa mikanda miwili myeupe, hiyo ni ya British India.

Jihadhari na majina, maana hapo ndipo watafutaji wengi hupotea. Meli ya kwanza iliyoitwa Karanja ilitengenezwa mwaka 1931, ikazamishwa na ndege za Wajerumani huko Algeria mwezi Novemba 1942, kisha kampuni ikaunda Karanja nyingine mwaka 1948. Aliyevuka mwaka 1938 hakupanda meli ile ambayo picha zake za rangi zimezagaa leo.

Kwa safari za kwenda na kutoka London, kama zile za meli Kenya ya mwaka 1951 na meli Uganda ya mwaka 1952, omba orodha za abiria katika Nyaraka za Taifa za Uingereza, Kew: fungu BT 26 ni la waliowasili, BT 27 la walioondoka, na yote mawili hukoma mwaka 1960. Safari za Bombay na Mombasa hazimo humo. Kwa hizo, nenda Nyaraka za Zanzibar pale Kilimani, au za Kenya jijini Nairobi, ukaombe magazeti ya wiki unayoishuku, kwani yalichapisha habari za meli kufika na kuondoka. Kumbukumbu za kampuni yenyewe ziulizie katika jumba la makumbusho ya bahari la Greenwich, chini ya jina la P&O, kampuni ya meli ambayo British India iliungana nayo mwaka 1914.

Mzee akiwa hai, muulize alilala wapi. Abiria wa sitaha walitandika magodoro yao nje, kwa hiyo waliijua hali ya bahari kwa miili yao. Akikumbuka mawimbi yaliyolowesha matandiko, huenda alivuka wakati wa kusi, na utafutaji wako wa magazeti uanzie Juni.