SOMO: Mwanya unaompa mtu wa mbali nafasi ya kuendesha msimbo kwenye seva yako

Wadau, kati ya udhaifu wote wa programu, huu ndio ninaouhofia zaidi. Mara nyingi mshambuliaji hahitaji hata nywila. Anatuma maandishi kupitia mtandao, programu yako inayatekeleza, basi.

Hatua ya 1: Tofautisha data na amri. Jina kwenye fomu, picha, anwani ya ukurasa: hizo ni data, za kusomwa na kuhifadhiwa tu. Mwanya huzaliwa pale programu inapozigeuza kuwa amri. Usiruke hapa kabla hujaelewa.

Hatua ya 2: Jua zinavyogeuka. Njia kongwe ni kufurika kwa bafa, yaani nafasi ya memori inayoshikilia data kwa muda. Programu imetenga nafasi ya baiti 512, inapokea zaidi bila kupima, na ziada inafunika sehemu ya memori inayoielekeza prosesa iende wapi. Mnyoo wa Morris (programu iliyojisambaza yenyewe), Novemba 1988, uliingia hivyo kupitia fingerd, huduma ya kutoa taarifa za watumiaji wa kompyuta.

Mwanya wa Log4Shell wa Desemba 2021 (namba yake rasmi CVE-2021-44228, ukali 10 kati ya 10) ndio wa kusoma kwa makini. Log4j ni maktaba (msimbo ulioandikwa tayari ili programu nyingine ziutumie) ya lugha ya Java ya kuandika kumbukumbu za matukio, kazi ambayo hakuna aliyeitilia shaka. Ilipokutana na maandishi yanayoanza na ${jndi: iliyachukua kama agizo, ikaenda kwenye anwani iliyotajwa, na msimbo wa mshambuliaji ukaweza kupakuliwa na kuendeshwa. Ujumbe wa kawaida wa gumzo ulitosha, mradi tu seva iuandike kwenye kumbukumbu.

Hatua ya 3: Orodhesha ulichonacho. Hesabu pia maktaba zilizojificha ndani ya maktaba nyingine. Wengi walikuwa na Log4j bila kujua.

Hatua ya 4: Sasisha mapema. Microsoft ilitoa MS17-010, sasisho la usalama la Windows, tarehe 14 Machi 2017. WannaCry, programu hasidi iliyofunga mafaili na kudai fidia, ilianza kusambaa 12 Mei, na ilipita kwenye mashine ambazo hazikuwa zimesasishwa. Pia usiendeshe huduma kwa akaunti ya root, yenye mamlaka yote kwenye seva.

MASWALI

Swali: Mkuu, nina faiwoli (kizuizi cha mawasiliano ya mtandao). Bado niko hatarini?
Jibu: Ndiyo. Poti 443, mlango wa mawasiliano ya tovuti (HTTPS), lazima iwe wazi ili watu wafikie tovuti yako, na shambulio linapita humo humo. Wengi husahau upande wa pili: izuie seva yenyewe kwenda nje kiholela. Hatua hiyo ingekwamisha mashambulizi mengi ya Log4Shell.

Swali: Nikitumia Java au Python si nimeshakwepa?
Jibu: Umekwepa sehemu kubwa ya kufurika kwa bafa tu. Log4j yenyewe ni Java. Kwenye Python, usipeleke maandishi ya mtumiaji kwenye eval (inayoyaendesha kama msimbo), wala usifungue faili la pickle (data iliyohifadhiwa, inayoweza kuendesha msimbo ikifunguliwa) kutoka kwa usiyemwamini.

Swali: Seva yangu ilikaa na mwanya wiki tatu, jana nimesasisha. Nimemaliza?
Jibu: Hapana, ndugu yangu. Sasisho linafunga mlango, halimtoi aliyekwisha kuingia. Tafuta akaunti usizozijua na kazi ngeni za cron (zinazojiendesha kwa ratiba), kisha badilisha nywila na funguo zote zilizokuwa humo. Ukikuta dalili hata moja, ijenge seva upya kutoka kwenye nakala ya kabla ya wiki hizo tatu, na uisasishe kabla ya kuirudisha mtandaoni.