Siki kwa chokaa, magadi kwa mafuta
Ukoko mweupe ulioganda ndani ya birika, hasa kwa sisi tunaochemsha maji ya kisima, usiusugue kwa waya, kwa kuwa ni chokaa, nayo huyeyushwa na asidi: mimina siki na maji kwa vipimo sawa, chemsha, acha nusu saa, nawe utaona vipovu vikipanda na magamba yakibanduka yenyewe, kisha suuza mara mbili. Kwa mafuta yaliyoganda jikoni siki haifui dafu. Hayo yanataka alikali kama magadi, ingawa magadi huitia weusi sufuria ya alumini. Sakafu ya terazo usiiguse kwa siki, maana itachubuka mng'ao. Tafadhali sana, siki isichanganywe kamwe na dawa ya madoa yenye klorini, kwani hutoa gesi ya sumu.