Kufuga kuku uani mjini bila kugombana na majirani: anza na mitetea sita

Siku hizi Dar ukipita mtaa wowote unasikia kuku nyuma ya ukuta, Tabata, Mbagala, Kimara, hata nyumba za kupanga watu wamebana kabanda pembeni ya simtanki. Hapa naongea na mtu mwenye ua mdogo anayetaka mayai ya nyumbani, na yakizidi auze mawili matatu. Mradi wa kuku mia tano ni habari nyingine kabisa na katikati ya nyumba za watu mimi siushauri.

Hatua ya 1: Malizana na watu kwanza

Umepanga? Ongea na mwenye nyumba. Pita pia ofisi ya serikali ya mtaa uulize utaratibu wa kwenu, maana halmashauri zina sheria ndogo zake kuhusu mifugo. Majirani waambie mapema. Na jogoo usinunue, watu wengi wanadhani bila jogoo mtetea hatagi, anataga vizuri tu, ila yai halina mbegu kwa hiyo hata ukiliatamisha halitoi kifaranga. Jogoo anaanza kuwika saa kumi alfajiri afu jirani yako ndo kwanza karudi toka shifti ya usiku, hapo ugomvi umeununua kwa hela yako mwenyewe.

Hatua ya 2: Banda

Kwa kuku sita mita mbili za mraba zinatosha, zaidi ya hapo ni raha yao. Chini zungushia mabanzi au tofali mpaka usawa wa goti, juu yote weka wavu ili upepo upite, joto la Dar linaua kuku kimya kimya hasa mwezi wa kwanza na wa pili. Bati peke yake linawaka, tandika makuti juu yake utaona tofauti. Wavu uwe wa matundu madogo na juu pafunikwe kabisa, sababu ya paka, kicheche, na hawa kunguru weusi wenye shingo ya kijivu ambao waliletwa Zanzibar miaka ya 1890 eti wasafishe taka, leo ndo wanatuibia mayai na vifaranga mchana kweupe. Ndani weka fito ya kulalia, kila kuku sentimita 20 hivi, na viota viwili sehemu yenye kigiza.

Hatua ya 3: Nunua wakubwa kidogo

Vifaranga vya siku moja ni bei rahisi ndio, ila vinataka joto la nyuzi 32 mpaka 35 wiki ya kwanza, taa au jiko la mkaa usiku kucha, na umeme ukikatika saa nane usiku ni wewe na vifaranga vyako. Anayeanza achukue mitetea chotara ya wiki nane hivi, Kuroiler au Sasso, inavumilia mazingira yetu. Muulize muuzaji amechanja nini na lini, akianza kubabaika ondoka. Angalia macho makavu, pua isiyo na makamasi, na nyuma pasiwe na kinyesi kilichogandia.

Kama una kuku wengine nyumbani wapya wakae mbali wiki mbili kwanza.

Hatua ya 4: Chanjo, hapa sina utani

Mdondo, wengine wanaita kideri, unaweza kufagia banda zima ndani ya siku chache, kinyesi cha kijani, shingo inapinda, kwisha. Na hauna dawa, usidanganywe na vidonge wala pilipili wala mwarobaini. Kinga ni chanjo ya I-2 ya matone, tone moja kwenye jicho moja kwa kila kuku, afu unarudia kila miezi mitatu. Andika tarehe kwenye kalenda ya ukutani. Chupa moja ina dozi nyingi kuliko kuku sita, kwa hiyo jipangeni wafugaji wa mtaa mmoja mnunue pamoja mchanje siku moja, gharama inakuwa kidogo sana. Ibebe kwenye chombo chenye barafu, isikae juani. Ndui nayo wachanjwe kama muuzaji hakufanya, muone afisa mifugo wa kata.

Kuku akifa ghafla usimle wala kumtupa jalalani, mzike shimo refu.

Hatua ya 5: Chakula

Mpaka wanakaribia kutaga wape growa, chakula cha kuku wanaokua, wakianza kutaga, miezi mitano sita hivi, hamia leyazi, chakula cha kuku wa mayai. Usiwahishe leyazi, ile chokaa nyingi inaumiza figo za kuku mdogo. Kuku mmoja anayetaga anakula kama gramu 120 kwa siku, sita ni gramu 720, yani mfuko wa kilo 50 unasogea miezi miwili na siku kadhaa. Mabua ya mchicha na masalia ya matembele toka genge wape, wanapenda, ila pumba au mahindi yenye ukungu usiguse hata kama ni ya bure, sumukuvu inaua ini. Mayai tegemea matatu kwa siku, siku nyingine manne. Anayekuahidi sita kila siku kwa chotara anakuuzia ndoto.

Hatua ya 6: Harufu

Hapa ndo wafugaji wa mjini wanaposhindwa, sio kwenye magonjwa. Kinyesi kikavu hakinuki sana, kinachonuka ni kinyesi kilicholowa, kwa hiyo kazi yako kubwa ni kuzuia maji. Tandika maranda unene wa sentimita 8 mpaka 10, drinka, yani chombo cha maji, iweke juu ya tofali usawa wa mgongo wa kuku wasiimwage, na paa lizidi nje ya ukuta ili mvua ya masika isirushe ndani. Mara mbili kwa wiki pindua maranda na reki, palipolowa toa weka mapya. Kipimo changu ni kuchuchumaa mpaka usawa wa kuku, macho yakianza kuwasha ujue hewa ni mbaya na wao wanaivuta usiku mzima, kesho yake mafua. Wewe umesimama huwezi kujua.

Maranda ya zamani usiyamwage mtaroni. Yafunge kwenye viroba, yakae mwezi mmoja na zaidi yapoe maana mbichi inaunguza mimea, afu waulize wale wauza miche na maua wa barabarani, wengi wananunua.