Somo: Kuandaa picha za onyesho la slaidi, kuanzia fomati ya faili

Onyesho la slaidi mara nyingi huharibika kabla programu haijafunguliwa, kwa kuwa picha zimekusanywa bila kuangaliwa ziko katika fomati gani, yaani ni faili za aina gani. Kwa hiyo tuanze na faili zenyewe.

Hatua ya 1. Nakili picha zote kwenye folda mpya na ufanyie kazi nakala hizo tu. Faili za asili zisiguswe.

Hatua ya 2. Kagua fomati. JPEG, ambayo kiwango chake kilipitishwa mwaka 1992, huigawa picha katika viboksi vya pikseli (nukta ndogo zinazounda picha) 8 kwa 8 na kutupa taarifa ambazo jicho halizioni kwa urahisi. Ndiyo maana faili yake ni ndogo, na ndiyo maana kila unapoihariri na kuihifadhi upya inazidi kupungua ubora. Kuza picha ya maandishi meusi iliyobanwa sana (yaani faili yake imepunguzwa ukubwa) kwa JPEG, nawe utaona madoadoa ya kijivu yamezunguka kila herufi. Picha za watu na mandhari zihifadhi kwa JPEG. Nembo, michoro na picha za skrini zihifadhi kwa PNG, ambayo hubana bila kupoteza chochote. GIF haizidi rangi 256 kwa fremu, hivyo haifai kwa fotografia. Faili za HEIC zinazotoka kwenye iPhone zigeuze ziwe JPEG, kwani programu nyingi za zamani haziwezi kuzifungua.

Hatua ya 3. Punguza vipimo. Ikiwa skrini ina pikseli 1920 kwa 1080, picha yenye upana wa pikseli 6000 haiongezi uzuri wowote, bali hulemea kompyuta. Picha ndogo usiikuze kwa nguvu. Kwa picha zilizosimama wima, naona ni heri kuacha nafasi nyeusi pembeni kuliko kumkata mtu kichwa.

Hatua ya 4. Zipe faili majina ya 001, 002, 003, maana baadhi ya programu huitanguliza 10 mbele ya 2.

Hatua ya 5. Ingiza picha, ipe kila moja sekunde 4 au 5, kisha hifadhi onyesho kama video ya MP4.

Maswali ya wanachama

Swali: Mwalimu, nimegeuza JPEG kuwa PNG ili ubora urudi, mbona faili imekuwa kubwa na picha iko vilevile?
Jibu: Kilichokwisha kutupwa hakirudi. PNG imehifadhi kwa uaminifu picha ileile pamoja na kasoro zake. Rudi kwenye faili ya asili.

Swali: Picha nilizotumiwa kwa WhatsApp zina ukungu kwenye projekta. Nifanyeje?
Jibu: Zilibanwa wakati wa kutumwa. Mwombe aliyezipiga akutumie tena kama dokumenti.

Swali: Je, nikibadilisha tu jina la faili kutoka .heic kuwa .jpg, inatosha?
Jibu: Haitoshi, ndugu. Jina likibadilika, data iliyomo hubaki ya HEIC. Ifungue katika programu inayoisoma, kisha ihifadhi upya kama JPEG.